Bibi Harusi Mwenye Mvi na Wimbo Wake

Nikikasirika nasema Kiswahili. Nilizaliwa kambini Jinja, baba yangu askari, na matusi yote mazuri niliyasikia kwa lugha hii kabla sijaingia darasa la pili, ambalo ndilo nililoishia. Kwa hiyo hii naiandika kwa Kiswahili.

Mdogo wangu alifunga ndoa ya kanisani akiwa na miaka hamsini na mbili. Msicheke. Hapa kwetu Mbale mtu anakaa na mume miaka ishirini na sita, anazaa sita, anazika mmoja, na kanisani kila Jumapili anabaki kwenye benchi wenzake wakienda kupokea mkate na divai, kwa sababu hajafungishwa ndoa. Mume hakuwa mbaya. Mzito tu. Kila mwaka alisema mwaka ujao, kahawa ikishavunwa. Kahawa ikavunwa, ikanywewa huko Ulaya, mdogo wangu bado yuko kwenye benchi.

Siku ilipofika aliomba kitu kimoja tu: wimbo wa kuingia nao ukumbini.

Wimbo wenyewe wa Kizungu. Usichana wetu tuliumalizia Jinja, kwenye nyumba ya familia ya Kihindi, mimi jikoni, yeye kwenye pasi. Mama mwenye nyumba alikuwa mkali, hata sukari aliikagua kwa macho. Lakini saa tisa mchana, mzee wake akiwa dukani, aliweka kaseti: gitaa polepole, na mwanamke wa Kizungu analalamika. Akakaa, akafumba macho. Mimi nilimcheka. Mama mzima, watoto wameoa, analilia nini? Mdogo wangu hakucheka, alisimamisha pasi asikilize, na siku moja akaunguza shati la mzee, tukagombezwa wote wawili. Shati lilikuwa la bluu. Sijui kwa nini nalikumbuka.

Sasa nawaona wanawake wa umri huo. Wauza nyanya wa Namatala, walimu wa Nabuyonga, na hapa Namakwekwe nilikopanga chumba, Jumapili mchana redio zote ziko kwenye nyimbo zile zile. Wengi hawana Kiingereza cha kumwuliza daktari swali. Lakini mwanamke akishapita arobaini na tano ana maneno yamemjaa, na nyumbani swali analoulizwa ni chakula kiko wapi. Basi anamwachia yule wa gitaa amsemee. Nilichelewa kulielewa hilo, na ni aibu yangu.

Nilikuwa nasema habari ya wimbo.

Kamati ya harusi ilikuwa wanaume watupu, ndugu za mume. Wakamleta emsii wa kuongoza sherehe, bwana mmoja wa suti inayong'aa kama samaki. Mdogo wangu akampa jina la wimbo kwenye karatasi. Tukatoka kanisani, gari likasimama mlangoni pa ukumbi, na spika zikalipuka wimbo wa vijana, ule wa kutikisa kiuno. Bibi harusi hakushuka.

"Dada, huo si wangu."

"Shuka, chakula kinapoa."

"Kipoe."

Nikamfuata emsii. "Bwana, anataka wimbo wake."

"Jaja, ule ni wa matanga!" Jaja ni bibi kizee, na alilisema kwenye maikrofoni, ukumbi mzima unasikia. "Tukiweka nyimbo za wamama wanaongoja pensheni, wageni si watalala?"

Kwenye meza ya mbele kamati ikacheka mpaka soda ikawatoka puani.

"Na mamako anasikiliza nini?" nikamwuliza.

"Anasikiliza ninachoweka mimi."

Ningekuwa na mkanda wa baba yangu! Nikarudi garini. Mume alikuwa kando ya mkewe anajifuta jasho.

"Mama watoto, watu wanangoja."

"Wanangoja? Mimi umeningojesha miaka ishirini na sita. Waambie mwaka ujao."

Mume akarudi kujifuta jasho.

Basi nikazunguka nyuma kwa wapishi. Hao ni wenzetu wa kikundi cha kusaidiana misiba, umri mmoja na mdogo wangu, wako kwenye moshi wanakoroga malewa, yale machipukizi ya mianzi. Nikawaeleza.

"Wimbo upi?" akauliza mmoja, mwiko mkononi.

Ikanibidi niuimbe. Mimi niliyeucheka miaka yote hiyo, na sauti yangu hii ya chura. Sikumaliza mstari, wakaudaka. Wakatoka na aproni zao, maneno nusu wanayajua, nusu ni la-la-la, na mmoja akapitia kwenye jenereta akaizima kama anavyozima jiko. Ukumbi ukanyamaza. Zikabaki sauti zao tu, polepole, na majivu miguuni.

Mlango wa gari ukafunguka. Akaingia na mvi zake nje ya shela, mume kamshika mkono, anatembea kama mtu anayevuka mto na mzigo wa mayai. Wanawake walioalikwa wakasimama mmoja mmoja, na wao wanaimba. Kamati hawakujua waangalie wapi.

Kisha jenereta ikawashwa, na yule suti, bila haya, akashika maikrofoni: "Wageni waalikwa, hiyo ndiyo sapraizi niliyowaandalia!"

Wakampigia makofi. Makofi! Nikainuka nikamwambie lake, mdogo wangu akanivuta gauni.

"Dada, kaa. Nimeshaingia."

Nikakaa. Lakini nilikaa nikimtazama yule bwana mpaka keki ikaisha, na yangu sikuila.