Sehemu ya Chini Tuliyomwachia Dada

Dada yangu alipotoka hospitali na koo lililoshonwa, sauti yake haikurudi. Yeye ndiye aliyenifundisha hii radio ya kuongea na watu wa mbali kwa waya uliofungwa juu ya paa, na wote wawili tulikuwa na leseni. Yeye Homa Bay, mimi Migori, jioni tulipiga stori mpaka betri ya gari ikachoka. Sasa alibaki na kidole tu. Akaanza kugonga Morse, zile nukta na mistari zinazosimama badala ya herufi, kwa mashine aliyoiunda mwenyewe, yenye nguvu kidogo sana.

Sheria ilituruhusu kuongea popote kwenye bendi yetu, yaani yale masafa tuliyopewa. Lakini sisi wachache wa huku tulikuwa tumeelewana: sehemu ya chini ni ya Morse, wenye maneno wapande juu.

Halafu mzee mmoja mfanyabiashara wa Oyugis akapata leseni, na mashine kubwa ajabu. Akatua palepale chini, akisalimia dunia nzima. Nukta za dada zikamezwa na kelele zake. Nilipopiga simu kwa duka la jirani yao, mama yetu aliniambia dada ameifunika mashine kwa kitambaa cha meza, hataki hata kuiona.

Nikamwita mzee hewani.

“Jaduong', mzee wangu, tafadhali panda juu kidogo. Hapo ni pa dadangu, hana sauti, anagonga Morse tu. Ova, zamu yako.”

“Leseni yangu inanikataza?”

“Hapana.”

“Basi nionyeshe sheria, omera, ndugu yangu. Hata polisi wa barabarani huonyesha.”

“Sheria hakuna, baba. Ni makubaliano tu.”

“Ya nani? Mimi mlinialika lini?”

Nikacheka. Ni kweli, tulikubaliana kabla yeye hajafunga waya wake, na tangu aje hakuna aliyemwambia kitu.

“Hatukukualika,” nikasema. “Nakualika sasa. Kesho jioni usiseme kitu, sikiliza tu hapo chini.”

Nikapiga simu tena, nikamwomba mama aondoe kile kitambaa na amwambie dada agonge kesho jioni.

Kesho yake jioni bendi ilitulia. Kisha zikaja nukta za dada, nyembamba, zikitulia na kuanza upya.

Mzee akaniita kule juu. “Anasema nini?”

“Anauliza kama kuna mtu.”

“Haya, huko chini nimetoka. Lakini Jumapili baada ya kanisa mniachie huku juu nisalimie mashemeji, na msinikatize.”

“Tumekubaliana, jaduong'.”

“Na hii pia si sheria?”

“Si sheria.”

“Afadhali. Ingekuwa sheria ningetafuta wakili. Hii nitaishika. Sasa mjibu mtoto wa watu!”

Nikashuka sehemu ya chini, nikamgongea dada kwamba tupo. Akajibu kwa kasi, yote aliyokuwa ameyabana kifuani, hata nusu ya herufi zikanipita. Sikumwambia apunguze mwendo. Nilimwacha aongee.