Muulize Atakayekivaa

Siku ya kikoi cha babu naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na wewe utaisikia leo kabla sijakunyanyulia mikono ya dua. Najua una haraka. Umekuja mbio kutoka Ukunda, umenionyesha kwenye simu hiyo tovuti mliyoitengenezea zahanati, eti wagonjwa watachukua nafasi ya kumwona daktari wakiwa nyumbani, na Jumatatu mnaifungua. Mashaallah, inapendeza. Lakini nilipokuuliza asiyeona ataisomaje, ulicheka kidogo ukasema, "Hayo ya sheria ya walemavu tutayaangalia baadaye, bibi, tukishafungua." Basi keti. Haraka haraka haina baraka, na baraka ndiyo uliyoijia hapa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kipofu. Mimi nikiwa kigoli, kazi yangu ilikuwa kumshika mkono kila aendako. Idi ilipokaribia tukaenda Msambweni kumnunulia kikoi. Mwenye duka akampa shikamoo yake kwa adabu zote, kisha akanigeukia mimi, mtoto. "Mzee wako anataka rangi gani?"

Nami kwa kimbelembele changu nikajibu, "Mpe cha kahawia, hakionyeshi uchafu."

Lo! Babu alipiga bakora sakafuni. "Muulize atakayekivaa! Nataka chekundu."

"Lakini babu, wewe si huoni?"

"Mimi sioni. Watakaonitazama msikitini wanaona."

Watu walicheka, hata mwenye duka. Babu mwenyewe hakucheka. Tulipokuwa njiani kurudi Munje aliniambia, "Mwanasha, nimepofuka macho, sikupofuka ulimi. Leo unanichagulia kikoi, kesho utanichagulia pa kuzikwa. Usimjibie mtu aliye hai." Nilikuwa mdogo, nikadhani ni hasira za uzee tu.

Sasa nikutoe huko nikulete kwa Mwanajuma. Wewe unamfahamu kwa juujuu, umemkuta hapa ukampa salamu ukapita. Ni mtoto wa binti yangu. Surua ilimchukua macho hajamaliza kunyonya. Alisoma shule ya wasioona, anasoma nukta nundu kwa vidole upesi kuliko wewe unavyosoma kwa macho, na tangu yuko darasa la tatu alikuwa akisema neno moja: atakuwa mwalimu wa watoto wadogo. Akipanga viti vya jikoni anavifundisha hesabu, na kiti kisichojibu anakigombeza. Wallahi nilikuwa nikijificha mlangoni nisikilize, nacheka peke yangu.

Alipomaliza kidato cha nne na kufaulu, tukaambiwa chuo cha ualimu hakipokei tena barua, maombi yote ni kwenye tovuti. Chuo chenyewe jina lake nitalisitiri. Yeye hakuwa na wasiwasi, maana ana simu inayomsomea kwa sauti. Akaketi hapo ulipoketi wewe, asubuhi, akaanza. Nami nilikuwa nasuka ukili wa mkeka, nikawa nasikia simu inavyosema. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Kitufe cha nini? Haisemi. Picha ya nini? Haisemi. Waliochora vile vitufe walivipamba vizuri, wakasahau kuviandikia majina ambayo simu ingeyasoma. Mtoto akawa anabonyeza kwa kubahatisha. Akifika katikati, ukurasa unajifunga wenyewe, "Muda wako umekwisha," anaanza upya. Na mara moja alipofika karibu na mwisho akaambiwa athibitishe kuwa yeye ni binadamu, achague picha zenye taa za barabarani. Taa za barabarani! Hapa Munje? Hata mimi mwenye macho nilibabaika, sembuse yeye. Alijaribu mpaka alasiri, jasho linamtoka, na sauti yake ikawa inapungua. Mwishowe akasema, "Bibi, hawa hawataki nithibitishe kuwa ni binadamu. Wanataka nithibitishe kuwa naona."

Jioni akaja Hamisi, mjomba wake, yule mwenye bodaboda ya kwenda Lunga Lunga. Hamisi anampenda mtoto yule kuliko wanawe, hilo nalisema mbele ya Mungu. Akasema, "Lete, Mwanajuma, nikujazie, kazi ya dakika mbili." Akajaza. Jina, kijiji, alama za mtihani, kila jambo akimuuliza kwa sauti naye akijibu. Kisha akafika pahali pameulizwa, je, mwombaji ana ulemavu? Hapo hakuuliza kwa sauti. Akamtazama mtoto, akabonyeza "hapana", akaendelea.

Wewe ni mtu wa pwani, huhitaji kuelezwa. Kwetu sisi kumtaja mtu kwa kilema chake mbele ya wageni ni kumvunjia heshima. Mtu humsitiri ndugu yake. Hamisi aliogopa pia kwamba wakijua watamkataa kabla hawajamwona. Alimsitiri kwa mapenzi, na Mwanajuma hakujua, kwa sababu ule ukurasa wa mwisho wa kuhakikisha majibu ulikuwa hausomeki na simu yake. Palikuwa na maneno ya kuapa kuwa aliyoyaeleza yote ni kweli. Hamisi akamshika kidole, akakiweka, akabonyeza.

Nafasi ikapatikana. Tulifurahi, mwanangu! Majirani walikuja na vigelegele, nami nikamshonea gauni la kuendea chuoni, la rangi aliyoitaka yeye. Siku ya kuripoti tulikwenda mimi, yeye na Hamisi, na sanduku lake. Dada wa ofisini alikuwa mtu wa bara, mpole, wala hakutupigia kelele. Aliitazama fimbo nyeupe, akatazama kompyuta yake, akatazama fimbo tena.

"Mama, hapa imeandikwa hana ulemavu."

"Nani ameandika?" Mwanajuma akauliza.

"Wewe. Ombi ni lako."

Ndipo Hamisi akaeleza kwa aibu, anakwamakwama. Yule dada akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani kwa mkubwa wake, akarudi. Nafasi za wasioona zilikuwa chache na zilikuwa zimejaa. Mwalimu wa nukta nundu alikuwa na wanafunzi wake tayari. Na kusema uongo kwenye ombi, kanuni yao inafuta ombi zima. Alisema pole, na naamini alimaanisha. Tulibeba sanduku tukarudi tulikotoka.

Tulipofika hapa mlangoni Mwanajuma akaniambia, "Bibi, kukataliwa nimezoea. Leo nimekataliwa kwa maneno ambayo sikuyasema." Nikamkumbuka babu na bakora yake, nikaingia jikoni nikalia.

Watu walikuja kutupa pole. Kila mmoja akawa ananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mpaka nikatamani kumpiga mtu kwa mwiko. Koleo ni la nani? Na mhunzi mwenyewe ameulizwa kama bado ana moyo wa uhunzi? Yeye yuko chumba cha nyuma, anasuka ukili kimya. Simu ameitia sandukuni. Hamisi akija anasalimu kutoka uani, anaitikiwa, basi, haingii. Namwambia Mwanajuma mwakani ataomba tena, ananijibu, "Nani atanijazia?" Na viti vya jikoni, mwanangu, havifundishwi tena.

Sasa nisikilize. Hiyo sheria unayosema mtaitazama baadaye iko tayari, haikungojei wewe ufungue. Katiba yetu imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia habari, na mkishtakiwa msije mkasema hamkuambiwa. Lakini kabla ya hakimu, fikiri habari ya mwanamke asiyeona mwenye maradhi ya ndani, ya pale ambapo hata mama yake hamwambii. Tovuti yako ikimwambia "kitufe, kitufe, picha", atasomewa na nani? Mjomba wake? Atanyamaza na maradhi yake, na wewe utahesabu kuwa wagonjwa wamepungua. Mwenye mikono inayotetemeka naye usimfungie ukurasa kwa kuwa amechelewa. Asiyesikia, ukimwekea daktari anayezungumza, mwandikie chini anachosema. Hujafa hujaumbika. Hayo macho unayoringia umeazimwa tu.

Na usiniambie utaweka namba ya simu ili wasioona wapige wasaidiwe. Msaada ni mzuri kwa anayeuomba. Asiyekuwa na njia nyingine huyo hajaomba, amelazimishwa, na atakayemsaidia atasema ya kwake, hata akiwa ni mtu wa kumpenda kama Hamisi. Mtengenezee mlango aupite mwenyewe.

Dua yako nitakuombea, lakini si hapa kibarazani. Nenda chumba cha nyuma ukapige hodi. Huenda asikuitikie mara ya kwanza, subiri. Mwombe aitoe simu sandukuni aifungue tovuti yako, nawe ukae kimya. Usimshike kidole. Akikwama, ujue umekwama wewe, na Jumatatu yenu isogezeni mbele. Akifika mwisho kwa mkono wake, njooni nyote wawili, tunyanyue mikono pamoja.

Mola akuachie macho yako mpaka siku ya mwisho, mwanangu. Na kama atayachukua, akujaalie vijana watakaokuuliza wewe unataka rangi gani. Amin. Haya, inuka, nenda kapige hodi.