Gitaa Lililofungwa kwa Uzi

Wivu wa mume kwa jirani tumeuona wengi. Wivu wa mume kwa vidole vya mkewe, huo ni wa Baba Pacha peke yake.

Baba Pacha alikuwa fundi cherehani, duka lake la pale kona, mlango mmoja, meza moja ya kukatia, na mkasi ambao hata mkewe haruhusiwi kukatia karatasi. Akikusalimu, jicho lake limeshashuka kiunoni kwako na kurudi begani, na kabla hujamjibu ameshajua umenenepa. Pacha wake wawili wa kike walishakuwa watu wazima, kila mmoja na kwake. Nyumbani wakabaki yeye na Mama Pacha.

Kazi waligawana tangu ujana. Yeye anakata na kushona kwa mashine dukani. Mama Pacha anakaa nyumbani, anashona pindo za suruali kwa mkono na kuzungushia uzi vitundu vya vifungo. Jioni mume analeta furushi, kesho yake linaondoka limekwisha. Miaka ishirini na mbili mwendo ni huohuo, wala hakuna mteja aliyewahi kurudisha suruali kwa sababu ya pindo. Sifa alizipokea Baba Pacha, maana ndiye aliyekuwa dukani zilipokuwa zinaletwa.

Mkabala na duka lake alikuwapo fundi redio mmoja, mwembamba mpaka watu wakamwita Waya. Waya alikuwa na gitaa. Kazi ikipoa, anavuta stuli mlangoni, anapiga taratibu kama mtu anayejikuna. Kwa miaka yote Baba Pacha hakuona ubaya. Gitaa la mtu lilikuwa na uhusiano gani na suruali zake?

Mpaka siku ile Mama Pacha alipopita dukani kuleta koti la mteja mwenye haraka. Waya alikuwa anapiga. Mama Pacha akasimama kizingitini, koti mkononi, akaanza kuimba chinichini, midomo imefumba.

Baba Pacha akaacha kukanyaga mashine. Sauti ile aliijua. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao mama huyu alikuwa hashoni pindo bila kuimba hivyo, naye Baba Pacha, wakati huo duka halijapatikana na cherehani iko nyumbani, alikuwa akipunguza mwendo wake makusudi apate kusikia. Kisha wakaja pacha, zikaja homa na sare za shule, sauti ikapotea, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi. Sasa imerudi. Na imerudi kwa nani? Kwa Waya, mtu ambaye kiuno chake ni inchi ishirini na saba.

"Anajua huyu jirani," Mama Pacha akasema, akaenda zake, hajui kwamba nyuma ameacha moto.

Wiki haikuisha, Baba Pacha akanunua gitaa la mtumba, ubavuni lina ufa uliozibwa kwa gundi. Nia yake ilikuwa moja tu: sauti ile irudi nyumbani kwake, imfuate yeye. Mwalimu hakuwa na mwingine ila Waya. Hapo ndipo utajua wivu hauna aibu. Unamnunia mtu asubuhi, mchana unavuka barabara na gitaa kwapani kumwomba akufundishe.

Waya hakuwa na makuu. Akamwonyesha namna ya kukaza nyuzi, namna ya kulishika shingo kwa mkono wa kushoto, na mahali pa kubana kwa vidole vitatu ili nyuzi zitoe sauti moja nzuri. Baba Pacha akabana. Ikatoka sauti ya mlango wenye kutu. Na maumivu, bwana. Nyuzi zile zilimkata ncha za vidole mpaka usiku akawa anaviloweka kwenye bakuli la maji ya chumvi, mkewe anamtazama.

Ukimwumiza fundi cherehani kidole, mawazo yake yanakimbilia wapi? Kwenye subana. Siku ya tatu Baba Pacha akaja darasani na subana nne, vile vikofia vya chuma vya kukingia sindano, amevivaa kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto, anang'aa kama seti ya vijiko. Akabana. Nyuzi zikalia kama sufuria zinazoanguka jikoni. Waya aligeukia ukutani muda mrefu. Alipogeuka tena, macho yalikuwa yamelowa.

"Fundi," akasema, "hapa lazima uumie mwenyewe. Vidole vikiota sugu, utapiga."

Basi akaumia mwenyewe. Kila jioni baada ya kula aliketi kitini, Mama Pacha mbele yake na kazi yake mapajani, akaanza wimbo uleule wa Waya. Kubana kwa kwanza, sawa. Kwa pili, sawa. Kuhamia kwa tatu, hapo vidole vinagombana kama watu kwenye foleni ya maji, wimbo unakufa. Anaanza upya. Miezi mitatu alifia palepale. Naye alikuwa akimchungulia mkewe kwa pembe ya jicho, anangoja midomo ile ifumbe iimbe. Haikuimba. Itaimba vipi, na wimbo haufiki?

Siku moja alipokuwa anatoka asubuhi, akakutana na muuza mayai anayekaa ukuta mmoja na wao. Mzee huyo akampa mkono wa pongezi. Akamwambia sasa amekuwa fundi kweli, jana mchana, kwenye saa nane, alipiga vizuri mpaka yeye akasahau mayai motoni.

Baba Pacha akashukuru, akacheka, akaendelea na safari. Hatua kumi mbele akasimama. Jana saa nane alikuwa dukani, anapima suti ya bwana mmoja mnene.

Gitaa lilikuwa nyumbani. Na saa nane, kila siku iliyoumbwa na Mungu, Waya hufunga mlango wake, haonekani mpaka saa tisa.

Siku ile alikata mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Pindo zimeanza kuchelewa. Wiki iliyopita suruali mbili zilirudi hazijaguswa, mkewe akasingizia macho. Hata ile chai anayompelekea Waya kila akija dukani, eti kwa kuwa ni mwalimu wa mume wake. Ukimchunguza sana bata humli, lakini Baba Pacha alishamnyonyoa manyoya yote.

Kuuliza hakuuliza. Alichofanya ni kile ambacho angefanya fundi cherehani. Akachukua kitambaa cha suti kilichobaki, akalishonea gitaa mfuko mzuri, wenye bitana ndani. Mkewe akausifu. Asubuhi, kabla ya kutoka, akaufunga mdomo wa mfuko kwa uzi mweusi, mishono kumi na miwili, akaihesabu mara mbili. Akaenda kazini moyo umetulia kama wa polisi.

Jioni akauinua mfuko dirishani. Umefungwa, uzi mweusi. Lakini mishono ilikuwa kumi na minne, midogo, imejipanga kama sisimizi, yote imelalia kushoto.

Mshono wa mtu ni kama mwandiko wake. Ule ulikuwa wa Mama Pacha. Kwa hiyo, akajiambia, Waya amekuja, amepiga, ameimbiwa, na mke wangu mwenyewe amekaa chini akashona kumfichia.

Kesho yake saa nane kasoro akamwona Waya anafunga mlango. Alimpa dakika ishirini za kufika na kujisahau. Akatoka na tepu shingoni na rula ya mbao ya kupimia mkononi, akapita njia ya nyuma, penye kamba za nguo.

Alilisikia kabla hajafika. Wimbo uleule. Kubana kwa kwanza, kwa pili, halafu kwa tatu, pale anapofia yeye. Wimbo ukapita pale kama mtu anayeruka mfereji, haukutazama hata nyuma. Na juu yake, ile sauti ya midomo iliyofumba.

Akasukuma mlango.

Mama Pacha alikuwa kwenye stuli ya jikoni, suruali ya mteja mapajani na gitaa juu yake, sindano yenye uzi imechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Peke yake. Baba Pacha akatazama nyuma ya pazia. Akatazama nyuma ya mlango. Mkewe akamfuata kwa macho, polepole, mpaka akaelewa.

"Baba Pacha. Hiyo rula umekuja nayo umpime nani?"

Baba Pacha akaiegemeza ukutani kama kitu alichokikuta pale. Mwishowe akauliza ni nani aliyemfundisha.

"Wewe."

"Mimi sijui kupiga."

"Ndiyo maana. Miezi mitatu nakuona unapotea palepale. Mtu akipotea njia ileile kila jioni, hata aliyekaa tu anajua alipaswa kukata kona wapi."

Baba Pacha akaketi chini sakafuni. Akamwomba mkono wa kushoto, akavipapasa vile vidole vinavyokaa chini ya kitambaa kuipokea ncha ya sindano. Vilikuwa vigumu kama soli.

"Haviumi?"

"Viliuma," akasema. "Mwaka wa kwanza wa pindo zako."

Yeye, mtu wa kupima, alilala kando ya vidole hivyo miaka ishirini na mbili na hakuwahi kuvipima. Akauliza kwa nini alificha. Mama Pacha akasema aliona mumewe anafurahi kumpigia, akaogopa kwamba akimwambia ataacha. Kisha ulipokuja ule mfuko ulioshonwa mdomo, alijua amegunduliwa na anakatazwa. Alilia kidogo. Alipomaliza kulia, akaufumua.

"Na ile mishono yako nisingeirudisha ilivyokuwa," akasema. "Ilikuwa inatia aibu."

Hapo mwanamume mwingine angecheka, wakayamaliza. Baba Pacha alicheka pia, lakini roho ilimwuma vilevile, tena zaidi. Angekuwa Waya, angemfukuza, au angeacha kumsalimu, ingetosha. Sasa angemnunia nani? Sauti aliyoitafuta ilikuwa nyumbani kwake, mchana kweupe, na haikuwa na haja yake. Ilikuwa inajiimbia.

"Maliza wimbo," akamwambia. Ukamalizwa. Mara ya kwanza kuusikia mwisho wake ndani ya nyumba yake.

Aliporudi dukani alimkuta Waya anafungua mlango, shavu lina mistari ya boksi. Kumbe saa nane huwa analala nyuma ya duka, juu ya makatoni ya redio. Akauliza mazoezi yanaendeleaje. Baba Pacha akasema vizuri. Mkewe hakumtaja, wala hajamtaja mpaka leo, maana Waya akijua atasema mlete tumsikie, na hilo halitakuwa.

Siku hizi furushi la jioni haliendi tena nyumbani. Pindo anashona Baba Pacha mwenyewe, kwa mkono, dukani, bila subana hata moja, vidole vya kushoto chini ya kitambaa vinapokea sindano. Wateja wanalalamika kwamba pindo zimepinda. Anawaambia ndiyo mtindo.

Sugu zimeanza kuota, mbili. Kila jioni anampa mkewe azishike. Mama Pacha anazibonyeza, anasema bado, na tena anasema kwa huruma. Kwa kuwa pindo hana tena, ana mchana mzima wa kupiga, na juzi muuza mayai amesema sasa ziko nyimbo nne.

Baba Pacha ana moja. Inafia palepale.