Dubai ni Saa Tano

Uji ukiungua huwa na harufu ya moshi inayong'ang'ania sweta siku nzima. Ule wa shule yetu ya chekechea huko Gatitu uliungua karibu kila siku, na tuliposikia harufu hiyo tulijua imefika saa tano, tunatoka nje. Muhula mmoja nilikuwa nauacha upoe. Nilibeba kikombe changu hadi langoni, nikasimama kutazama barabara, kwa sababu mama alikuwa anakuja saa tano.

Mwenyewe ndiye aliyesema. Alikuwa amepata kazi ya nyumba Dubai, na asubuhi ya kuondoka, mama akinivalisha soksi, nyanya yangu, ambaye tunamwita cucu, akamuuliza kama huko ni mbali sana. "Wacha hofu," mama akamwambia. "Kutoka Nairobi ni saa tano tu na ndege. Hata ukienda Kutus gari iharibike, si unaeza maliza hizo?" Wakacheka. Mimi nilishika hiyo saa tano. Tulikuwa tumetoka kufundishwa saa kwa sahani ya karatasi yenye mishale, na saa tano niliijua kuliko zote. Hakuna aliyeniambia kuna saa ya kusoma ukutani na saa ya kukaa kitini.

Wenzangu walinicheka. "Ati anangoja ndege ipitie Gatitu!" Mwalimu hakucheka, alikuja akasimama nami kidogo, akauliza nangoja nani, na jioni akamwambia cucu. Cucu alikuwa anaambua maharagwe. Akanikalisha karibu naye.

"Saa tano ni ya kukaa huko juu," akasema. "Kurudi ni miaka mbili."

"Kwa nini, na ndege ni saa tano?"

"Ndege iko na saa tano. Tajiri wa mama yako ako na miaka mbili."

Nililia, kisha nikaanza kunywa uji. Miaka hiyo cucu ndiye aliyenisuka nywele, akanipeleka hospitali nilipougua, akaja mikutano ya wazazi. Sikumbuki siku niliyoanza kumwita mami. Jina lilikuja tu, naye hakunikataza. Mama aliporudi na sanduku kubwa lenye harufu ya marashi, nilimpa mkono kama mgeni. Akacheka, halafu akainama kufungua sanduku.

Sasa niko kidato cha tatu. Nimeangalia kwenye simu: kutoka Nairobi hadi Dubai ni kilomita kama elfu tatu na mia tano, na ndege inachukua saa tano na dakika kadhaa. Mama hakukosea. Amesharudi kabisa, anauza nguo mjini Nyeri, jioni tunapika pamoja. Anajaribu. Mimi pia najaribu, ila mdomo wangu ni mzito, na haya ninayaandika kwa urahisi kuliko ninavyoweza kumwambia.

Juzi nilijikata kidole nikikata sukuma wiki. Nikaita, "Mami!" Mama alikuwa karibu, mkono tu ungenifikia. Akaruka, akachukua kitambaa, kisha akaona macho yangu yameelekea mlangoni, ambapo cucu alikuwa ameketi.

"Anakuita wewe," akamwambia cucu. Lakini kidole alikuwa ameshakishika, na hakukiachilia.