Siku Versio Mupya Ilinyamazisha Koko

Shiye watoto wa Mweso wa ile wakati, tulijifunza ordinatere, ile kompyuta, chini mu udongo. Musicheke. Paroisi ya kanisa ilikuwa na ordinatere moja, munene sawa kabati, na watoto tulikuwa wengi kama maharagi mu sufuria. Siku jua ilitoka, batri inakula umeme, tunaingia mu sale, ile chumba yake kubwa, kisha masomo kuisha, kila muntu na zamu yake. Siku ya mvua, na huku Masisi mvua haichokake, tulikuwa tunakata kartoni, tunapaka rangi na majani na makala ya moto, tunapanga chini: "tembea", "ruka", "rudilia". Maana ile programu yetu haikuwa ya kuandika. Ilikuwa ya kupanga bloku za rangi, moja inashika ingine, kisha picha pembeni inafanya ile umeituma. Na kartoni, mutoto moja njo alikuwa anafanya picha. Mukimupangia mubaya, anagonga ukuta, na haruhusiwe kusimama mupaka programu iishe. Miye niligongaka ukuta sana. Watu wanasema njo maana niko vile.

Hakuna mwalimu alitufundisha. Tulikuwa tunafinya tu tuone. Hii ya zambarau inafanya nini? Finya. Ikizima, kimbia. Watoto wa leo wanaangalia kwanza video ya muntu anafinya, kisha wao njo wanafinya. Sasa utamu inabakia wapi?

Kazi yetu ya maana, miye na rafiki yangu Furaha, ilikuwa mbuzi ya Koko. Koko yangu, mama ya Papa, alitokaka Ntoto, kule Walikale, akakuja kuishi kwetu na kikapo moja na hadithi zake. Furaha akachora mbuzi na miguu sawa ya meza. Tukashika sauti ya Koko mu telefone ya Papa, ile hadithi ya mbuzi aliyekataa kuvuka muto, tukaitia mu programu. Mbuzi anafungua kinywa, Koko anasema. Ilikuwa unasikia ata vile anakohoa, vile anasukuma kuni mu moto. Sale yote inanyamaza.

Kisha Koko akakufa. Ile telefone ilipotea siku moja tukiwa mu kukimbia vita. Sauti yake ikabakia fasi moja tu, mu ile mbuzi.

Sasa huu mwaka, ile kabati ya paroisi ikazima kabisa. Bahati, Furaha alikuwa ametosha kazi zetu zote mule, akaziweka ku flashi. Yeye njo anafundishaka watoto leo, mu sale ile ile, na ordinatere ndogo za kubeba, na versio mupya ya programu. Akaniita: "Kaka, kuya. Leo tunafungua mbuzi."

Nikafika saa nane ya muchana. Watoto wake walikuwa pale, na moja anaitwa Gloria, miaka kumi na ine, mudomo inashinda redio. Miye macho ilikuwa inatembea mu ile versio sawa mugeni mu soko. Bloku zimenenepa! Ile ya kuchora na kalamu imehama fasi yake, imeenda kujificha mu sanduku ingine kule chini. Nani aliihamisha? Juu ya nini? Nilitaka kufungua vyote, kimoja kimoja.

"Kaka, unaangalia sawa umeona ndege ndani ya nyumba," Gloria akasema.

Furaha akafinya bloku ya kuanza. Mbuzi akatokea na miguu yake ya meza. Kinywa imefungwa. Kimya. Akafinya tena. Kimya.

"Dada Furaha ameiharibu," Gloria akasema. "Versio mupya imemeza koko wenu."

Damu ikanipanda. "Nani ameharibu? Furaha anachungaka hii kazi tangu weye unabebwa mu mugongo! Sema tena nisikie!"

"Tulia, Kaka," Furaha akasema. "Makelele haitarudisha Koko. Kuya tuangalie bloku."

Tukashuka bloku moja kisha ingine, kidole ku kioo ya ekra. Mbele ya ile ya sauti tukakuta ingine, ya manjano, tulikuwa tumeisahau kabisa: kama saa iko chini ya 6, ao inapita 17, sema. Kama hapana, nyamaza.

Furaha akaanza kucheka mupaka machozi. Kwetu hadithi haisemwake na muchana. Koko alikataa katakata kusema mu telefone mupaka jua ishuke, na akatuuliza: "Na hii masini yenu, itajua kama ni usiku?" Tukamuahidi: "Itajua, Koko." Njo tukatia ile bloku.

"Lakini munasemaka muliisikia kisha masomo kuisha," Gloria akasema. "Ile haikuwa muchana?"

Swali ya nguvu! Tukasoma tena ile bloku ya manjano. Kisha Furaha akapiga mikono. Ile kabati, kila mara ukiiwasha, saa yake ilikuwa inaandika 00:00, sita ya usiku. Kapile kake, kale kabatri kadogo ka saa, kalikufaka zamani. Na shiye tulifikiri ordinatere zote za dunia zinaamukaka usiku! Hii mupya, yenyewe, saa yake iko sawa. Haikuharibu kintu. Imetii Koko.

"Basi tosheni ile bloku, muitupe, tusikie," Gloria akasema.

"Hapana," nikasema. "Tulimuahidi."

"Na kama sauti haiko tena, tutangoja bure?"

Nikavuta kiti mbele ya ekra, nikakaa.

Tukangoja. Watoto wakachoma mahindi inje, wakarudi na midomo nyeusi, hakuna aliyeenda kwao. Jua ikaenda polepole nyuma ya milima, na kwa mara ya kwanza niliona Gloria haangalie telefone yake. Ekra ikaandika 18:00. Furaha akafinya.

Kikohozi. Kuni inasukumwa. Kisha: "Kulikuwa mbuzi, watoto wangu, aliyekataa kuvuka muto."

Furaha akafunika uso. Miye nilitoka kidogo inje, nikapangusa macho, juu ya moshi. Kulikuwa moshi ya mahindi.

Enzi zetu hadithi ilikuwa na saa yake. Ulikuwa unaingoja na njaa, na muntu wa kuisema alikuwa pale, unasikia harufu ya nguo yake. Leo hadithi elfu ziko mu mufuko ya Gloria, saa yote, na sisemi ni mubaya, ata miye nazifungulaka. Wakati tunafunga sale nikamuuliza Gloria: koko wake, ule anaishi karibu na hopitali, anajua hadithi gani?

Gloria akaingiza telefone yake mu mufuko.

"Sijamuulizaka," akasema. Akaangalia inje, aone kama giza imeingia ya kutosha.