Komando Aliyekuja Kuposa

Vijana, nyinyi mtakaosoma haya, ketini kwanza. Nasikia huko vijiweni, kuanzia hapa Mwabungo mpaka Ukunda, mnasema posa ya mjukuu wangu niliivunja mimi kwa sababu mposaji hakuwa Mdigo. Wengine mnasema nilitaka mkwe mwenye hoteli. Sikuwajibu, maana mimi si mtu wa kusimama barabarani kujitetea. Lakini mjukuu wangu ataolewa siku moja, inshallah, na sitaki uongo huo umfuate mpaka kwa mumewe. Kwa hivyo nimeshika kalamu. Chuo cha Kurani nilisoma, shuleni nilisoma kidogo tu nikatolewa, basi mkiona maandishi yamepinda someni hivyo hivyo.

Mwanangu wa kwanza alikuwa askari wa jeshi. Alikufa vitani Somalia. Aliacha mke na mtoto mmoja wa kike ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mkewe alikaa eda akamaliza, akaja akaolewa Mkongani, na mtoto nikabaki naye mimi. Huyo ndiye mjukuu ninayemsema.

Siku aliyoletwa, mwanangu aliletwa katika sanduku lililofungwa. Askari waliomsindikiza walikuwa vijana wenye adabu, walinipa shikamoo mmoja mmoja. Mkubwa wao akamwambia shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kwamba sanduku lizikwe kama lilivyo, lisifunguliwe. Sasa shemeji yangu ndiye anayeosha maiti wa kiume hapa kijijini, kama alivyokuwa baba yake. Alimsikiliza yule askari mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba sisi hatumziki mtu hajaoshwa wala hajavishwa sanda, na hatumziki ndani ya sanduku. Wakazungumza pembeni. Mwishowe yule askari akavua kofia yake, akasema, "Haya, mzee. Lakini uingie peke yako."

Akaingia, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu. Sisi wanawake tulikuwa uani, tunasikia maji tu. Watoto wote walikuwa wamepelekwa kwa jirani, mjukuu wangu akiwa miongoni mwao. Shemeji alipotoka nilimwambia nataka kumwona mwanangu uso kabla hajafungwa, kwa sababu kwetu mama huoneshwa. Akanitazama. Akasema, "Shemeji, nimemwosha vizuri, nimemtia karafuu maiti, nimemvisha. Niachie hapo."

Sikuoneshwa, na sikuuliza tena. Mwosha maiti hasemi alichokiona. Akikuta kovu, akikuta kilema, akikuta lolote, anatoka nalo chumbani na ataingia nalo kaburini mwake. Ndiyo maana watu wanamwita. Angekuwa msemaji, nani angemkabidhi baba yake?

Miaka ikapita. Mjukuu akamaliza shule, akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na huko ndiko alikokutana na yule mwanamume. Alikuwa mkubwa wa walinzi. Mtu mzima, kifua mbele, buti zinang'aa, miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Nyinyi wenyewe mnamkumbuka, maana alfajiri mlikuwa mkikimbia naye mchangani, anawapigia makelele kama mbuzi, mkijitayarisha kwenda kuandikishwa jeshini. Aliwaambia alikuwa komando. Aliwaambia kikosi chao hakitajwi jina, kwamba walikuwa wakishushwa kwa kamba kutoka kwenye helikopta, wanafanya kazi yao na kuondoka kabla askari wa kawaida hawajaamka. Mkamwita komando, naye akaitika.

Jirani yangu, mwanamke wa mdomo, alipomwona mara ya kwanza akipita aliniambia, "Huyo anatembea kama anayepigiwa ngoma." Nikacheka.

Mjukuu alipomwambia kwamba baba yake alikuwa askari na alikufa Somalia, yule mtu akavua miwani. Akasema alimjua. Akasema siku ile alikuwa naye.

Basi akaanza kuja nyumbani. Alikaa uani pamoja nasi wanawake, nikampikia samaki wa nazi, akala kwa adabu, na baada ya kula akatuhadithia. Kwamba risasi ilimpata mwanangu kifuani. Kwamba alimwangukia yeye, akamshika. Kwamba mwanangu aliitamka kalima yake, La ilaha illallah, vizuri, neno kwa neno, na kabla ya hapo alinitaja mimi na kumtaja mtoto. Kwamba uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyejilaza baada ya kufuturu, na yeye, huyo komando, ndiye aliyemfumba macho kwa mkono wake.

Nilimwamini. Nyinyi ni vijana, hamjui kukaa miaka na msiba wa mtoto ambaye mara ya mwisho kumwona uso alikuwa anapanda gari akicheka, na baada ya hapo ni sanduku. Kila nilipomwombea dua nilikuwa naomba kwenye mlango uliofungwa. Mtu huyu akanifungulia. Nikawa nalala. Akija, namwomba anihadithie tena, anahadithia.

Na mjukuu wangu naye, ambaye hamkumbuki baba yake ila vitu viwili vitatu, alikuwa akikaa mbele yake na kidevu mkononi. Anauliza, baba alikuwa anapenda chai ya sukari nyingi? Alikuwa anapenda. Baba alikuwa anapiga mbinja akitengeneza baiskeli, nakumbuka. Basi wiki inayofuata tunaambiwa baba alikuwa akipiga mbinja hata kwenye doria, mpaka wakubwa wakamkataza. Tukafurahi sote. Ni baadaye nilipokaa nikafikiri ndipo nikaona kwamba hakuna hata jambo moja alilotuletea ambalo halikutoka kwetu. Aliyotuambia ni yale tuliyomwambia sisi, ila yalikuwa yamevishwa buti.

Akaleta habari ya posa. Mjukuu hakutaka kusikia kwamba mtu yule amemzidi umri mno. Aliniambia, "Bibi, mwengine yeyote nitakayemwoa hatakuwa amemjua baba," akajishika mdomo kwa kusema kuoa kama mwanamume, na hata tulipokuwa tunacheka nilijua ameshaamua.

Baba yake hayupo na babu yake hayupo, kwa hivyo wa kumwoza ni shemeji yangu, ambaye naye anamwita babu. Yeye alikuwa ameambiwa tu kwamba mposaji aliwahi kuwa askari na alimjua marehemu. Ile hadithi yenyewe hakuwa ameisikia. Mchana yuko shambani, jioni yuko msikitini, na mambo yale yalikuwa yakisemwa uani, kwa wanawake.

Wakaja Ijumaa baada ya sala. Wanaume wakaketi sebuleni juu ya mikeka, sisi wanawake tukawa ukumbini nyuma ya pazia, halua na kahawa zimeshapita. Mposaji alisema wazazi wake wamefariki, akaleta wazee wawili wa huko anakoishi. Msemaji wao alikuwa hodari wa maneno. Akasema huyu si mgeni anayekuja kuomba mke, huyu alishaingia katika nyumba hii kwa damu, kwa kuwa ndiye aliyempakata kijana wenu akikata roho.

Shemeji, aliyekuwa akitazama kikombe chake, akainua kichwa.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, babu. Alifia mikononi mwangu."

"Alipigwa wapi?"

Nilimwona kupitia upenyo wa pazia akiweka kiganja kifuani. "Hapa. Risasi moja. Niliziba kwa mkono wangu mpaka akamaliza kalima."

"Na uso wake?"

"Ulitulia, babu. Kama amelala. Nilimfumba macho mimi mwenyewe."

Shemeji akasema "Ahaa," taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba Mombasa mvua imenyesha.

Lazima niwaeleze kosa la mtu yule. Alijua sanduku lilikuja limefungwa na kwamba askari walisema lisifunguliwe. Hayo mjukuu alimwambia, kwa kuwa ndiyo aliyoyasikia tangu utotoni. Kilichofuata mjukuu hakukiona, alikuwa kwa jirani, na nyumbani kwetu hakikuzungumzwa. Kwa hivyo yule mtu alijua hakuna macho yaliyomwona maiti, na hadithi ni yake, aipeleke atakako. Hakujua kwamba mzee aliyeketi mbele yake alimgeuza mwanangu ubavu kwa ubavu kwa mikono yake.

Msemaji akasema, basi, jambo la heri, tusome Fatiha. Kwetu Fatiha ikishasomwa binti ameposwa, na kurudi nyuma ni fedheha kwa nyumba zote mbili. Mikono yote ikainuka. Ya shemeji ilibaki juu ya magoti. Wakangoja. Msemaji akadhani mzee hakusikia, akarudia kwa sauti.

"Nimesikia," shemeji akasema. "Mimi sisomi."

Wakamwuliza kuna kasoro gani. Mmoja akamwuliza kama ni jambo la kabila, alitaje, lizungumzwe.

"Niliyoyaona chumbani siku nilipomwosha mtoto wetu ni amana yake," akasema. "Hamtayasikia kwangu. Lakini mikono yangu siiinui."

Hakusema zaidi, na hajasema mpaka leo. Nilikuwa nimemshika mjukuu bega. Pale nyuma ya pazia nilijua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba kifua cha mwanangu kilikuwa kizima, na mtu huyu ni mwongo. La pili, kwa nini sikuoneshwa uso. Hilo la pili hakuna aliyekusudia kuniambia, na shemeji alikuwa amelibeba miaka yote ili lisinifikie.

Yule mtu akavaa miwani yake. Akasema ametukanwa, kwamba vithibitisho anavyo ila hawezi kuvitoa, kwa sababu yeye ni mtu wa siri za serikali. Jirani yangu akajibu kutoka jikoni, sauti imepanda makusudi, "Siri gani hiyo hata chungu changu kinaijua?" Hakuna aliyecheka. Wakainuka, wakaondoka.

Mjukuu alilia mpaka akaumwa. Akasema babu ni mzee, amesahau, pengine macho yalimdanganya. Akasema kama sisi hatumwozi atakwenda kwa kadhi kudai haki yake. Hakuwa akilia kwa ajili ya mume. Alikuwa ananyang'anywa baba mara ya pili, na mwenye kunyang'anya ni sisi.

Nikamwita yule mtu, nikamwambia aje mchana, peke yake. Akaja bila miwani. Hakuketi mpaka nilipomwambia keti.

"Kiapo sikitaki," nikamwambia. "Nataka neno moja. Mwanangu ulimjua?"

Alitazama chini. "Hapana, bibi."

"Jeshini ulikuwa?"

"Hapana." Kisha yakatoka yote. Alikwenda kuandikishwa alipokuwa kijana, akarudishwa kwa sababu ya meno. Akaenda tena, akarudishwa tena, mpaka umri ukapita. Akaingia kazi ya ulinzi, na kila alikohamia alisema alitoka jeshini, kisha ikawa komando, kwa sababu watu walimsogezea kiti. "Mjukuu wako aliponiambia habari za baba yake nilitaka kumfurahisha tu," akasema. "Baadaye nikashindwa kutoka."

Nikamwambia, "Furaha hiyo uliiokota juu ya kaburi la mwanangu. Sasa utamwambia yeye, kama ulivyoniambia mimi."

Nikamwita mjukuu. Akasimama mlangoni, kanga ameivuta mpaka kwenye macho. Yule mtu akamwambia. Sitasema kwamba ilikuwa rahisi kwake. Nilidhani mtoto atamtukana, na mimi nilikuwa tayari kumwacha atukane. Alimwuliza jambo moja tu.

"Ile kalima. Baba aliisema?"

"Sijui," yule mtu akasema. "Mimi sikuwepo."

Nilimwamuru aende akawaambie na nyinyi, mliokuwa mkikimbia nyuma yake. Akaniahidi. Hakufanya, aliacha kazi akahama Diani, na nyinyi mkabaki mnamlilia komando wenu na kunisema mimi. Basi mmesikia. Kurudishwa kwa meno si aibu, na mlinzi wa lango anakula halali yake kama mtu mwengine yeyote, ningempokea. Lakini wapo watu kweli waliokwenda kule. Wengine wamerudi na hawasemi kitu, wengine wamerudi kama mwanangu. Anayejivika mambo yao anamvua maiti sanda.

Baada ya hapo nyumba haikutulia. Mjukuu akaanza kumzunguka babu yake. Anampelekea chai msikitini, anamnyooshea kanzu, na mimi najua anatafuta nini. Wanangu wengine nao wakaanza, kila mmoja na swali lake, eti sasa ni haki yetu kujua. Nilimwona mzee wa watu akipita nyuma ya nyumba yangu ili asikutane nasi. Na mimi, kusema kweli, usiku mmoja mmoja lile swali linanijia mpaka ulimini. Silitoi.

Nikawakusanya wote jioni moja, kabla ya magharibi, wakubwa na wadogo. Nikawaambia: "Akija mtu akasema alimjua, mkaribisheni, mpeni maji, mpeni chakula. Akitaka kusema jinsi alivyokuwa hai, mwacheni aseme. Alivyokufa, asiulizwe mtu yeyote ndani ya nyumba hii, na babu yenu asiulizwe kabisa. Sasa inukeni mkatawadhe, mumwombee dua."