Siku Niliyoingiza Zebaki Stoo

Aibu hii mke wangu mwenyewe anaijua nusu tu, kwa hiyo nisikilizeni kabla sijaghairi.

Niliitwa Katoro kufundisha usalama kazini kwenye kiwanja cha Mama Kulwa, wanakosaga mawe na kuchenjua dhahabu. Asubuhi nzima nilihubiri (shahada yangu inapenda sana kusikika): hatari iondoe kwanza, ikishindikana, izuie isimfikie mtu, au mtu umweke mbali nayo, barakoa ni ya mwisho kabisa. Zebaki, nikasema, haichomwi ndani, maana mvuke wake hauonekani wala haunuki, na mjamzito asiusogelee hata kidogo. Wote wakamgeukia Rehema, mwosha mchanga, mimba ya miezi saba, naye akacheka.

Mchana ukafika wakati wa kuonyesha. Nilikuwa na chungu cha chuma chenye mfuniko wa skrubu na bomba la kurudisha zebaki kwenye beseni la maji. Lakini upepo ulikuwa unatuzimia jiko, na majirani wameanza kuchungulia juu ya uzio waone donge letu la dhahabu iliyoshikana na zebaki lina ukubwa gani (huku dhahabu haionyeshwi ovyo). Nikasema tuingie stoo.

"Mwalimu, si umesema nje?" Mama Kulwa akauliza.

"Nje ni kwa wasio na kifaa, Mama. Leo nipo mimi."

Basi tukaingia watu tisa, Rehema akiwemo, wala sikumzuia. Nikawagawia barakoa za kitambaa (ambazo kwa mvuke wa zebaki ni sawa na kuteka maji kwa tenga), mlango tukautia komeo kwa sababu ya upepo, na mimi, huku nikisimulia mambo ya chuo kikuu, nikasahau kukaza skrubu.

Moto ukakolea. Beseni kimya.

"Mbona bomba halidondoshi?" Rehema akauliza. Alikuwa amesimama karibu kuliko wote ili aone vizuri.

Hapo nilijua. Jamani, nilijua. Lakini watu wanane wananitazama, nikasema, "Subiri kidogo," nikajifanya nakagua bomba, na mama mjamzito akaendelea kuvuta pumzi kwa sababu mimi naona haya.

Mama Kulwa akainama, akaona mfuniko unacheza.

"Mayu! Tokeni! Rehema, toka!"

Wote tukaangukia mlangoni, migongo ikalibana komeo, likagoma, mwalimu wa usalama akisukuma wenzake kama ng'ombe mnadani, mpaka Mama Kulwa alipolipiga kwa nyundo ya kuvunjia mawe, mara tatu, akamvuta Rehema nje kwa mkono.

Hospitalini daktari akauliza nani alikuwa msimamizi. Nikanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la pili, na kizibao changu cha njano mgongoni kimeandikwa USALAMA KWANZA. Akasema mtoto anacheza tumboni, lakini itabidi afuatiliwe mpaka azaliwe, na hata baada ya hapo.

Alizaliwa wa kike, mwenye sauti kubwa. Kliniki bado wanamfuatilia. Nilipokwenda kutoa hongera, Rehema alinisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Hongera nimepokea. Mtoto humshiki."

"Marahaba," nikajibu, nikarudi nilikotoka.

Siku hizi mfanyakazi akiniuliza swali, nazima moto, natoa watu, ndipo natafuta jibu. Na nikilikosa, nasema nimelikosa, hapo hapo, mbele ya watu wote.